Ajali za simu: Tusiisingizie Qadar

UKIHUDHURIA mazishi ya mtu aliyegongwa na gari, hutakaa sana kabla hujasikia mtu akisema: "Ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika." Wanaoitikia huwa wengi, na msiba unaendelea. Lakini ni mara ngapi umesikia kwenye msiba huo mtu akiuliza dereva alikuwa anafanya nini?

Pengine lugha yetu yenyewe imechangia. Neno "ajali" tumelichukua kwenye Kiarabu, "ajal", yaani muda uliowekwa, na hasa muda wa mtu kuondoka duniani. Kwa hiyo anayesema "ajali" ameshataja mauti yaliyopangwa, na dereva amekwishatoka katika habari hiyo. Waarabu wenyewe hawalitumii hivyo. Magari yakigongana wao husema "haadith", yaani tukio. Na tukio huwa lina sababu, mara nyingi lina na mtendaji.

Naandika haya nikiwa na deni. Jioni moja nilikuwa naendesha katika Barabara ya Kawawa, natoka Ilala kwenda Magomeni. Simu ikatoa mlio. Ulikuwa ni ujumbe wa kuuliza kama nitafika kwenye kikao. Nikaishika, nikaanza kuandika "niko njiani". Nilipoinua macho, mtoto aliyekumbatia juzuu kifuani alikuwa mbele ya boneti. Breki zilishika. Tukatazamana, akavuka. Nikasema Alhamdulillah, nikaendelea na safari.

Swali lilinijia usiku. Je, kama breki zisingeshika, ningekuwa muovu zaidi kuliko nilivyo sasa? Uamuzi wa kuitazama simu ungekuwa ni ule ule. Kilichotenganisha kikao na mazishi ni hatua moja ya mtoto, na hatua hiyo si mimi niliyeipanga.

Tuitazame hatari yenyewe. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukisoma ujumbe kwa sekunde tatu, umeshapita zaidi ya mita 40 huku macho yako hayako barabarani. Mwaka 1997, watafiti wa Toronto, Canada, walichapisha uchunguzi wao kuhusu madereva 699 wenye simu waliopata ajali. Walikuta kwamba hatari ya kugonga wakati wa kuzungumza na simu huongezeka karibu mara nne, na hawakuona kuwa simu isiyoshikwa mkononi ni salama zaidi. Basi anayejitetea kwamba ameweka spika ajue kuwa tatizo haliko mkononi tu. Akili nayo huwa imeondoka barabarani.

Wapo watakaosema: "Lakini hakukusudia." Ni kweli, na Sharia imelizingatia hilo. Anayeua kwa kukusudia hahukumiwi sawa na anayeua kwa makosa. Lakini ndugu msomaji, rejea Suratun Nisaa, aya ya 92. Huyo aliyeua kwa makosa hakuambiwa aende zake kwa kuwa ni Qadar. Ametakiwa kuwalipa diya jamaa za marehemu, ila wakisamehe, na kutoa kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC lilikutana Bandar Seri Begawan, Brunei, likaamua kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayoyasababisha kwa gari lake, ila katika hali chache, mfano pale nguvu isiyozuilika inapoingia kati. Mlio wa simu si nguvu isiyozuilika.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Diya hufuata madhara. Mimi sidaiwi diya. Lakini kosa la kuyaweka maisha ya watu rehani kwa ajili ya maneno mawili nimelitenda kamili. Kusalimika kwangu ni sitara ya Allah (sw), si ushahidi kwamba sikukosea. Na aliyesitiriwa hutakiwa kutubia, wala hatakiwi kurudia kesho kwa kuwa jana hakuna aliyekufa.

Ama hoja ya Qadar, Sayyidna Umar (ra) alikwishaijibu. Mwaka 639, akiwa njiani kwenda Sham, alipata habari za tauni ya Amwas, akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda (ra) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia Qadar ya Allah kuiendea Qadar ya Allah. Kuizima simu kabla ya kuwasha gari nako ni Qadar. Kwa nini tuione Qadar kwenye kugonga tu, tusiione kwenye kujizuia?

Jukumu hili si la dereva peke yake. Ukimpigia mtu akakwambia anaendesha, mwambie: "Basi endesha, tutaongea ukifika." Mwenye gari anayemdai dereva wake apokee kila simu naye ana fungu lake. Na sisi abiria wa daladala tunaomwona dereva akichezea simu huku tumenyamaza, tunasubiri nani akataze hilo kwa niaba yetu?

Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, hakuna kinachoua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani kuliko ajali za barabarani. Mtoto wa juzuu yumo katika umri huo. Kikao nilichokuwa nakiwahi nilichelewa hata hivyo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sikujibu ule ujumbe.

Wabillahi tawfiiq.