Shali ya Mama

Kuna swali limenikaa kichwani tangu nitazame *The Stone Angel*, filamu ya Kanada ya 2007. Mtu akikataa maisha yake yote kusema uongo wa huruma, halafu akausema akiwa kitandani karibu kufa, je, amekuwa mwema au amechoka tu?

Filamu imeongozwa na Kari Skogland, na imetokana na riwaya ya Margaret Laurence ya 1964. (Laurence, kwa taarifa yako, aliwahi kuishi hapa jirani, Somaliland, na akatafsiri mashairi ya Wasomali.) Ellen Burstyn ndiye Hagar Shipley, ajuza mwenye kiburi ambaye mwanawe Marvin na mkewe Doris wamechoka kumtunza. Wanataka kumpeleka nyumba ya wazee. Kwenye riwaya ana miaka tisini, na bado anatoroka.

Burstyn anaweza kazi, nisidanganye. Shida ni kwamba kamera inamtazama Hagar kutoka nje, na ukimtazama kutoka nje utajikuta umekaa upande wa Doris: huyu mzee msumbufu, mbona hata hashukuru? Kwenye riwaya anasimulia mwenyewe. Unasikia neno tamu likimjia, likikwama kooni, na badala yake likitoka lile kali. Unamhurumia huku umemkasirikia.

Halafu kuna ile shali. Hagar akiwa msichana, kaka yake Dan alikuwa anakufa kwa nimonia. Kaka mwingine, Matt, akamwomba ajitande shali ya mama yao, amshike Dan, ajifanye ni mama. Mama alikufa akimzaa Hagar. Hagar alitaka, lakini hakuweza. Mama alikuwa mtu dhaifu, na yeye hangekubali kuwa dhaifu hata kwa dakika chache za kuigiza. Matt akajitanda shali mwenyewe.

Miaka mingi baadaye, hospitalini, Marvin anamshika mkono na kumwomba msamaha. Hagar anamwambia amekuwa mwana mwema kuliko John. Si kweli. John ndiye alikuwa kipenzi chake, na alishakufa zamani. Lakini Marvin, mzee wa miaka sitini na kitu, anaamini.

Wengine watasema uongo ni uongo. Mimi naona hapo ndipo Hagar alipojitanda shali hatimaye. Ilimgharimu kitu alichokilinda miaka tisini. Ningetaka kuishia hapo, nimtetee, niende zangu.

Lakini mimi pia nina shosho. Hapandi gari la mtu bila kutoa nauli, hata likiwa la mwanawe. Shangazi amemwomba mara ngapi aje akae naye Nairobi, na jibu ni lile lile: kwani kuku watalishwa na nani? Nilipoingia chuo aliuza ng'ombe wake wa maziwa, na mtu akimuuliza ng'ombe alienda wapi anasema alizeeka.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Shosho hajui. Kila akipiga simu namwambia masomo yako sawa, na nimekuwa nikijiambia huu ni uongo wa huruma, atavunjika moyo, mwache mzee wa watu apumzike. Kumbe Hagar ameniharibia hesabu. Yeye alisema uongo akapoteza kitu, Marvin akapata. Mimi nikisema wangu, ni nani anayepata? Shosho ana uso wa kupoteza ng'ombe na kunyamaza. Mwenye uso usioweza kuonekana umeshindwa ni mimi.

Jumapili alipiga. Akaniuliza mahafali ni lini, kwa sababu fundi wa nguo anahitaji mwezi mzima.

Nikamwambia tarehe bado haijatoka.

"Sawa," akasema. "Lakini kitambaa nishanunua."