Duka la Barabara ya 125
Tafakari ya asubuhi hii inahusu Harlem, mtaa wa New York uliojulikana kwa takriban karne nzima kuwa kitovu cha utamaduni wa Wamarekani Weusi, ambako mwezi Julai 2017 kampuni ya Whole Foods ilifungua duka katika Barabara ya 125. Duka hilo, lenye sifa ya kuuza mazao ya kilimo hai, yaani yaliyokuzwa bila mbolea wala dawa za viwandani, lilipokelewa kwa furaha iliyochanganyika na hofu, kwa kuwa waliotamani mboga mbichi karibu na nyumbani walijua pia kwamba maduka ya aina hiyo huwafuata wenye fedha. Mwenendo huo, ambapo wenye uwezo huhamia mtaa wa wanyonge na kodi ikapanda hadi wenyeji wakaondoka, ulipewa jina mwaka 1964 na mwanasosholojia Ruth Glass, aliyeuchunguza London. Mchicha wenyewe, bila shaka, hauna hatia. Lakini mwenye nyumba hukisoma kibao cha duka kabla ya mnunuzi, na mkataba wa pango unapokwisha hudai kiasi ambacho mpangaji wa miaka mingi, aliyeungojea mchicha huo muda wote, hawezi kukilipa.