Pasi Yenye Jogoo



Jumapili moja mwezi uliopita umeme ulikatika alfajiri, na shati letu jeupe la Ibada lilikuwa bado na makunyanzi. Tukavuta chini ya kitanda pasi ya mkaa ya marehemu mama, aliyoinunua hapa Kariakoo kabla ya Soko Kuu jipya kufunguliwa mwaka 1975.

Vijana wengi hawajaishika. Ni kama sanduku la chuma lenye mpini wa mti. Kifuniko hufungwa kwa komeo, na juu ya komeo pana sanamu ndogo ya jogoo. Ndani hutiwa makaa yaliyokolea, na matundu ya ubavuni huingiza hewa. Moto ukififia, waibembeza pasi huku na huku mpaka makaa yawe mekundu tena. Ikianza kunata, waipitisha juu ya jani la mgomba. Wachina walinyosha nguo kwa vyombo vya makaa karne nyingi zilizopita. Na ingawa pasi ya umeme ilipewa hati ya uvumbuzi kule Marekani mwaka 1882, hata leo wako madobi wanaotumia ya mkaa, wala hawamngojei mtu wa umeme.

Hayo yote tulimweleza binti yetu kwa furaha, huku tukiibembeza pasi kwa mbwembwe juu ya shati lenyewe. Cheche ikaruka. Ikatoboa kifuani.

Hapo tukamgeukia binti. Eti amejaza makaa mno! Tulimsema mbele ya wapangaji wenzetu ukumbini, naye akanyamaza. Kisha tukaenda kanisani, tukasema Ungamo pamoja na wote, tukapokea Meza ya Bwana. Agizo la kupatana kwanza na ndugu yako tunalijua (Mt. 5:23-24), tumelifundisha wengine miaka mingi.

Alasiri, tulipokuwa tukimwaga majivu, kidole kiligusa yule jogoo. Tukamkumbuka Petro. Alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa (Yn. 18), jogoo akawika. Baada ya kufufuka, Bwana aliwasubiri wanafunzi pwani, na pale palikuwa na makaa tena, na samaki juu yake (Yn. 21). Aliyekosewa ndiye aliyeandaa chakula. Alimlisha Petro kwanza, ndipo akamwuliza.

Kwetu aliyekosewa alikuwa jikoni, anatupikia.

Mzazi wa kwetu hakuzoea kumwambia mtoto "nisamehe". Neno lilitukwama kama mwiba wa samaki. Tulilisema wakati wa chakula, wapangaji wale wale wakisikia, maana ndio waliosikia matusi. Binti akacheka kidogo, akasema, "Baba, makaa kweli yalizidi."

Ameshona kiraka kifuani. Chaonekana hata kutoka viti vya nyuma, na aliyetuuliza habari zake sasa amejibiwa.