Nani alimuuliza Kabibi?

Jumamosi moja tulitundika shuka ukutani hapa Nyakiriba, tukawaonyesha vijana filamu ya La Vie est belle. Ilitengenezwa Kinshasa, ikatoka mwaka 1987, enzi za Zaire. Waongozaji ni Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Vijana wetu wote walikuwa hawajazaliwa. Kifaransa kinawapiga chenga kwa sababu wanasoma kwa Kiingereza, basi mimi nikawa natafsiri kwa sauti, kama wale wa agasobanuye.

Nilifikiri watasinzia. Walicheka mpaka machozi!

Kourou (ni Papa Wemba mwenyewe, yule aliyeanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016 akafariki) anatoka kijijini kutafuta muziki mjini, anaishia kuwa boyi wa tajiri. Anampenda Kabibi. Tajiri naye anamtaka Kabibi, maana nguvu za kiume zimemwisha, na mganga amemwambia aoe bikira, akae siku 30 bila kumgusa. Hapo ndipo watu wanaanza kudanganyana, kila mtu na mwenzake.

Kwa nini bado inachekesha? Mimi naona ni kwa sababu ya yule tajiri. Sisi wakimbizi maisha yetu ni foleni na "ndiyo, mkubwa". Hapa mkubwa ana gari, ana klabu, halafu anamkimbilia mganga kama mtoto, na siri zake boyi anazijua. Ukimcheka huyo, mgongo unanyooka kidogo. Sioni dhambi.

Lakini msichana mmoja mbele hakucheka. Filamu ilipoisha akauliza, "Ule Kabibi, ni nani alimuulizaka?"

Wavulana wakasema, ni filamu tu, bana. Nami nilikuwa karibu kusema hivyohivyo. Baadaye ndiyo nikajua kuna mwanaume mwenye pesa alifika kwao, na nyumbani wanasubiri jibu. Jibu la baba, si lake.

Nimejiuliza sana kama nilikosea kuionyesha. Filamu inamcheka mzee, haimcheki binti, hilo nalitetea mpaka leo. Ila Kabibi anaokolewa na hadithi. Mwisho ukiwa mzuri, hakuna anayekumbuka kwamba karibu auzwe, na sisi tulicheka katikati ya mauzo.

Jumamosi ijayo tunairudia, yeye ndiye ameomba. Atakaa kwenye kompyuta, aisimamishe anapotaka.