Nunua Upepo Kwanza, Mwanangu

Mwanangu, umeniuliza ununue bunduki gani ya kupulizia rangi. Nitakujibu, ila hilo nitaliweka mwisho kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote. Vijana wengi wanaofufua magari ya zamani nyumbani huanza na bunduki kwa kuwa ndiyo inayong'aa dukani. Kompresa wanainunua kwa hela iliyobaki, na barakoa ya maana hainunuliwi kabisa. Wewe nenda kinyume chao: kifua kwanza, upepo pili, bunduki baadaye. Na ile mashine kubwa ya kupulizia mchanga unayoitamani, iache hukohuko dukani.

Tuanze na gari, kwani kifaa huchaguliwa kwa kazi. Umepata Land Rover Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, na utaratibu huo ukaendelea mpaka kwenye gari lako. Chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria nao ni wa chuma. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma kwenye hewa ya chumvi kama yetu ya Tanga, hutoa unga mweupe na bati huliwa polepole chini ya rangi bila wewe kujua. Chesisi ni boksi refu lililo wazi ndani, na huoza kuanzia ndani. Chukua nyundo ndogo uigonge kutoka mbele hadi nyuma. Penye chuma kizima mlio ni mkali. Palipokwisha mlio unakuwa mzito, mfu, na maganda ya kutu yanamwagika ndani kwa ndani. Weka alama kwa chaki kila pahali uliposikia hivyo.

Sasa, kupuliza mchanga kunafaa wapi hapo? Kwenye chesisi kunafaa sana, kwa kuwa brashi ya waya haifiki kwenye kona na maungio ya kuchomelea. Kwenye bodi, hapana. Chembe zinazopigwa kwa kasi hufanya kazi ya nyundo ndogo maelfu kwa maelfu: hutanua uso wa bati upande mmoja, na bati jembamba linajikunja. Wengi hudhani ni joto, wakapuliza taratibu wakiamini wamejilinda, na bado mlango ukatoka na mawimbi ambayo hakuna puti itakayoyaficha. Bati la milango na boneti litoe rangi kwa dawa ya kubandua rangi au kwa msasa wa maji. Kuna sababu nyingine kwenye alumini: ukitumia chembe zilizokwisha kupuliza chuma, vipande vya chuma vinajichoma ndani ya alumini, na hapo umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Zile pindo za juu ya bodi la nyuma zimepakwa zinki kiwandani. Ukizipuliza zinki inaondoka, na hutairudisha kwa rangi.

Kwa hiyo kazi ya kupuliza ni chesisi moja, ukuta wa mbele kwa uangalifu, na vipande vidogo vidogo: bawaba, mabano, vishikizo vya springi. Chesisi ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye kompresa ya dizeli. Kodi huduma. Karakana zinazosafisha matangi na vyuma vya majengo zina mashine hizo na watu waliovaa mavazi kamili. Vile vipande vidogo jitengenezee kabati: boksi la bati au mbao lenye kioo juu, taa ndani, matundu mawili yenye glavu ndefu za mpira, na bomba la kunyonya vumbi kulipeleka kwenye kichujio. Fundi wa kuchomelea wa mtaani atakuundia hilo ukimchorea vizuri.

Hapa nisikilize kwa makini. Usipulize mchanga wa mtoni wala wa ufukweni, hata kama kuna fundi unayemjua anafanya hivyo kila siku na bado anatembea. Mchanga wa kawaida umejaa silika. Punje ikigonga chuma hupasuka ikawa vumbi laini ambalo jicho halilioni, na vumbi hilo likishafika chini kabisa ya mapafu halitoki. Mapafu yanafanya makovu, na makovu hayo yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Aliye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, nacho kwetu kingalipo. Uingereza ilikataza mchanga wa namna hiyo kwenye kazi ya kupuliza kwa kanuni za mwaka 1949. Nchini Marekani, taasisi ya NIOSH inayochunguza afya za wafanyakazi ilipendekeza ukatazwe mwaka 1974. Sisi tumechelewa, na waliolipa gharama ya kuchelewa ni vijana wa umri wako. Mchanga wa ufukweni una ubaya wa ziada, kwa kuwa chumvi yake inabaki kwenye vinyweleo vya chuma na kutu inarudi chini ya praima mpya kabla mwaka haujaisha. Tumia garneti au chenga za kioo kilichopondwa, na hata hizo usizivute.

Sasa upepo. Kompresa haipimwi kwa ukubwa wa tangi wala kwa nguvu ya mota iliyoandikwa ubavuni. Inapimwa kwa lita za hewa inazotoa kwa dakika. Na hapo pia kuna mtego: namba inayoandikwa mara nyingi ni hewa ambayo pistoni inaivuta. Inayofika kwenye mpira wako ni pungufu, kwa theluthi moja hivi kwenye mashine za bei nafuu. Namna ya kuujua ukweli ni rahisi. Mwombe muuzaji amwage upepo wote, afunge koki, awashe, nawe uwe na saa ya simu. Tangi la lita 100 kujaa mpaka psi 115 linahitaji hewa kama lita 800. Likijaa kwa dakika tatu na robo, unapata lita 250 kwa dakika. Likichukua dakika sita, umeona mwenyewe. Muuzaji anayekataa kuiwasha, mshukuru uondoke.

Lita 250 ndizo unazoweza kuzitegemea kutoka kwenye kompresa ya mkanda yenye nguvu ya farasi 3, na ndiyo kubwa ninayokushauri kwa umeme wa nyumbani wa fezi moja. Sasa linganisha. Bunduki ya kawaida ya ujazo mkubwa na mgandamizo mdogo hula lita 300 hadi 400 kwa dakika. Tangi la lita 100 litaziba pengo hilo kwa dakika mbili tatu, kisha mgandamizo utashuka katikati ya boneti na rangi itatoka matone matone. Bunduki za ujazo mdogo hula lita 150 hivi. Hizo kompresa yako inazilisha na bado inapata kupumzika.

Kupuliza mchanga ni ulafi wa namna nyingine kabisa. Nozeli ya milimita 2 kwa psi 80 hula karibu lita 240 kwa dakika, na ndiyo maana kabati lako dogo linawezekana. Nozeli ya milimita 3 hula zaidi ya lita 500. Ya milimita 6 hupita lita 2,000, kwa sababu kipenyo kikiongezeka mara mbili hewa inaongezeka mara nne. Na nozeli inalika. Ile ya bei rahisi ya udongo wa kuchoma utainunua ikiwa na milimita 2, na baada ya kazi ya siku chache ni 3, nawe unashangaa kwa nini kompresa haizimi. Weka misumari miwili ya kupimia karibu, mmoja unaoingia na mmoja usioingia; siku ule wa pili ukiingia, badilisha nozeli. Mashine uliyoitamani ina nozeli kubwa kuliko hizo zote. Ungeiunganisha na kompresa yako, ungepuliza sekunde chache tu kisha ungoje tangi lijae tena.

Kuhusu umeme, kompresa hiyo huvuta zaidi ya kilowati 2. Kila saa inayozunguka, umeme wa LUKU unapungua uniti mbili na ushei, na pale inapowaka huvuta zaidi kwa muda mfupi. Usiiwashe kwa eksitensheni nyembamba ndefu, maana umeme unaofika ni dhaifu na mota inaungua. Kompresa ikae karibu na soketi, ule urefu utoke kwenye mpira wa upepo, nao uwe na tundu la milimita 10. Ule mwembamba wa kujazia tairi unaikaba bunduki. Usiniletee tangi lililotobolewa na kuchomelewa kiraka, wala mtungi wa gesi uliogeuzwa kuwa tangi. Maji hula tangi kutoka ndani, na tangi lenye psi 115 likipasuka halimtafuti mwenye kosa.

Hayo maji watu huyadharau. Hewa ya pwani siku ya nyuzi 30 hubeba gramu 20 na zaidi za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Kompresa yako inavuta mita 15 za ujazo kwa saa, kwa hiyo unaingiza zaidi ya robo lita ya maji kila saa, na mengi yake yanabaki kwenye tangi na mabomba. Yakifika kwenye kabati, garneti inagandamana na nozeli inaziba. Yakifika kwenye bunduki, rangi inatoka na vidonda. Watu hununua kichujio cha maji na kukifunga palepale kwenye kompresa, ambapo hewa bado ni ya moto na maji yake bado ni mvuke unaopita bila kushikwa. Funga bomba la chuma ukutani, mita nane au kumi, liwe na mteremko mdogo, lishuke mwishoni na koki chini, na kichujio kiwe baada ya hapo, hewa ikiwa imeshapoa. Tangi limwage maji kila jioni. Utayaona yanavyotoka ya rangi ya chai, nayo hiyo rangi ni kutu ya tangi lenyewe.

Nilikuambia kifua kwanza. Rangi nyingi za kisasa zinazochanganywa na hadina, yaani dawa ya kukazia rangi, zina kemikali iitwayo isosianeti. Mvuke wake unaweza kukudhuru kabla pua haijausikia, na mtu ambaye mwili wake umeshaukataa mara moja hupata pumu kwa kiasi kidogo tu, pengine asiweze tena kufanya kazi hiyo maisha yake yote. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali, na hewa ya kompresa ya oili siyo safi mpaka ichujwe kwa vichujio maalumu vya kupumulia. Huna hivyo, na uani kwenu kuna bibi yako na watoto wa dada yako. Basi hiyo rangi usiipulize nyumbani. Land Rover ya zamani inapendeza kwa enameli ya kawaida isiyo na hadina, nayo inakauka kwa hewa. Ukiitaka ile ngumu ya kung'aa, peleka mlango na boneti kwa fundi mwenye chumba cha kupulizia. Hata kwa enameli vaa barakoa ya vichujio vya kaboni vyenye kinga ya vumbi mbele yake, ifunge isiache upenyo, na uweke vichujio vipya ukianza kunusa thina. Rangi ya zamani utakayoibandua inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo msasa uwe wa maji, na maji hayo yasimwagwe pale watoto wanapochezea. Jiko la mkaa lizimwe siku ya rangi, maana mvuke wa thina hutambaa chini na kuusogelea moto.

Bunduki, basi. Nunua yenye kikombe juu, ya ujazo mdogo, ambayo nozeli na mipira yake inapatikana kwenye maduka ya Gerezani bila kuagiza. Kama hela inaruhusu chukua mbili za bei ya kati badala ya moja ya ghali: moja yenye nozeli ya 1.7 au 1.8 kwa praima nzito, na nyingine ya 1.3 au 1.4 kwa rangi. Zioshe kwa thina kabla ya kuzitumia, kwa kuwa hutoka kiwandani na mafuta ndani. Geji ya upepo iwe kwenye kitako cha bunduki, na uisome ukiwa umebonyeza kifyatulio. Jaribu kwenye boksi la karatasi: puliza mara moja, uone kama alama ni yai refu lililo sawa pande zote. Ikiwa upande mmoja ni mzito, kofia ya mbele ni chafu. Isafishe kwa kijiti, usitie waya.

Chesisi ikipulizwa, praima ya epoksi ipigwe siku hiyohiyo, kabla umande wa jioni haujaanguka, na asiiguse mtu kwa mkono mtupu. Kabla ya praima, piga upepo ndani ya boksi za chesisi mpaka chembe ziishe kutoka, ukiigonga huku na huku, kwa sababu zikibaki humo zinashika unyevu. Soma kopo la hadina ya praima hiyo, kwani baadhi zina isosianeti pia. Panga na mwenye kompresa ya dizeli aanze asubuhi, kisha unipigie simu siku mbili kabla. Nitakuja na nyundo yangu tuzipitie zile alama zako za chaki pamoja.