Paa Hungojea Kaskazi

Wanangu, naandika kwa sababu mdomo umechoka. Kila masika yakipiga Pemba nasikia habari ileile: fulani alipanda kuziba paa, akateleza, sasa yuko hospitali. Mara ni Wete, mara Kengeja, mara hapa hapa Chake. Tukienda kumjulia hali, hakosi mtu wa kusema kwamba ajali ni kudra. Kudra naiamini kwa moyo wangu wote. Lakini ile ngazi ilisimamishwa na mtu, juu ya baraza lenye ukoga, na mtu huyo akapanda bati bado linachuruzika maji, nyumba nzima imelala. Mtume wetu (S.A.W.) alimwelekeza yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Sisi tunaliruka la kwanza tunakimbilia la pili.

Nina neno moja tu la kukuambieni, na yaliyobaki yanatokana nalo. Paa linapovuja, usipande. Weka beseni, sogeza kitanda, lala. Kuvuja si dharura. Kisiwa chetu hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na sehemu kubwa huangushwa kati ya Machi na Mei, kwa hiyo tone la maji chumbani si jambo la kushangaza wala la kuaibisha. Godoro likilowa litaanikwa. Uti wa mgongo ukivunjika hauna pa kuanikwa.

Najua kwa nini mnapanda wakati ule ule wa mvua. Ndio wakati mnaolikumbuka paa. Jua likirudi, tundu husahaulika, mke hanung'uniki, na zile fedha za bati zimekwisha pata kazi nyingine. Basi mvua ipeni kazi yake: ikuonesheni palipo na tatizo. Chukua mkaa au chaki, uweke alama ukutani na kwenye mbao pale maji yanapoanzia, si pale yanapodondokea. Maji yakiingia tunduni hushika papi, yakatambaa, pengine hatua mbili tatu, ndipo yakadondoka. Wengi wameziba lami mahali pasipo na tundu, wakarudi juu tena na tena, na kila kupanda ni nafasi nyingine ya kuanguka.

Siku ya jua kali, saa sita mchana, ingia chumbani, funga madirisha na mlango, tulia kidogo macho yazoee giza. Tundu la msumari litaonekana, nuru imechoma. Pitisha kijiti cha fagio hapo kitokeze juu. Kwa njia hii nusu ya kazi ya paa imefanyika ukiwa umesimama sakafuni, na siku ya kupanda unajua unakwenda wapi, unafanya nini, unashuka. Anayepanda ili akatafute huzurura juu ya bati, na kuzurura ndiko kunakoangusha watu.

Kazi yenyewe ni ya kaskazi. Disemba mwishoni hadi Februari, vuli imekatika na masika bado, bati ni kavu na mbao ni kavu. Asubuhi subiri umande ukauke, maliza kabla bati halijawaka moto. Na nikisema asubuhi nina sababu ya pili: upepo. Bati zima mikononi mwa mtu aliye juu ya paa ni tanga, na mwanamashua hapandishi tanga asipojua upepo unatoka wapi. Kaskazi ina siku zake za utulivu na siku zake za fujo. Sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo mkali. Matangazo yale si ya wavuvi peke yao.

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, na hapo ndipo linapotokea jambo linaloniumiza. Mtu anataka paa liwe tayari kabla ya masika na kabla ya Idi, basi anapanda saa tisa alasiri, kafunga, koo limekauka, kichwa kinazunguka. Mwanangu, kama umefunga na kazi haina budi, panda mapema baada ya alfajiri bati likishakauka, ufanye kidogo, ushuke. Ukihisi kizunguzungu, kaa chini hapo hapo juu ya mstari wa misumari, mwite mwenzako. Usijaribu kuifikia ngazi ukiwa huoni vizuri.

Nimesema mwenzako. Hapo nataka nikae kidogo.

Zamani kuezeka kulikuwa shughuli ya watu. Makuti yalisukwa wiki nyingi kabla, na siku ikifika walikuja majirani na jamaa, wengine juu, wengine chini wakirusha kuti, wazee kivulini wakitoa makosa, sufuria za wali zimeinjikwa uani. Mtu hakupanda peke yake kwa sababu kazi haikuwezekana peke yake. Bati lilipokuja tulilifurahia, na kwa haki: halichakai baada ya misimu michache, halishiki moto upesi. Lakini lilileta pia imani kwamba paa ni kazi ya mtu mmoja na nyundo. Shughuli ikafa, urefu wa nyumba ukabaki ule ule. Mimi sililii kuti. Namlilia yule mtu wa chini.

Mtu wa chini ana kazi. Anashika ngazi unapopanda na unaposhuka. Anafukuza watoto na kuku pale vinapoangukia vipande. Anakufungia zana kwenye kamba uzivute, ili wewe upande mikono mitupu. Anakutazama. Na ukianguka, yeye ndiye anayepiga simu. Nimeona kijana wa shehia yetu aliyelala nyuma ya nyumba tangu adhuhuri hadi watu walipotoka msikitini alasiri, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yuko juu. Alipona, lakini mguu haukurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Ngazi, basi. Miguu yake ikae kwenye ardhi ngumu, si juu ya tofali, si juu ya pipa, si juu ya gari la ng'ombe. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake utoke ukutani mita 1. Ukiibana sana itakupindua nyuma. Ukiilaza sana itateleza. Kichwa cha ngazi kipite ukingo wa paa kwa kiasi cha mita moja, upate cha kushika unapovuka, kisha kifungwe na kamba kwenye kenchi. Ngazi ya miti iliyopigiliwa misumari tuliyoiacha mvuani mwaka mzima, iangalieni kipago kwa kipago. Kipago kikicheza, ngazi hiyo ni kuni.

Ukifika juu, kumbuka kwamba bati halikujengwa kubeba mtu. Bati la geji 30, ambalo ndilo wengi wetu hununua kwa sababu ya bei, lina unene wa kama milimita 0.3. Kinachokubeba ni papi iliyo chini yake, na papi ipo pale ulipo mstari wa misumari. Kanyaga hapo, mguu mzima, usiruke. Pazuri zaidi ni kulaza ubao uliofungwa kamba kutoka kileleni, ukatembea juu yake. Na sisi tunaokaa karibu na bahari tuogope kutu isiyoonekana: chumvi hula bati kwenye maungio, pale bati moja linapolalia jingine, na juu ukaona rangi nzima kabisa.

Malapa yaache chini, na miguu mitupu pia. Vaa raba zenye soli laini. Kikoi na kanzu zisipande. Simu mwachie mtu wa chini. Kabla hujaegemeza ngazi, chungulia ukingoni kama kuna nyigu. Mtu akiumwa na nyigu mkono huachia wenyewe. Kamba ya usalama ifungwe upande wa pili wa nyumba, kwenye mti au nguzo isiyong'oka, ivuke kilele ije kwako. Tumieni kamba nzima ya nailoni, ile ya mashua, si ya usumba iliyooza. Iwe imekazwa. Kazi yake ni kukuzuia usifike ukingoni; kamba iliyolegea ikikupata kiunoni umeshaanguka mita mbili itakuvunja mbavu. Mwenye mkanda mzima kama wa mafundi wa umeme, auvae.

Kuziba si kazi kubwa. Msumari uliolegea ng'oa, weka mpya mrefu zaidi wenye kofia, juu ya mgongo wa bati na kamwe si kwenye bonde lake, na chini ya kofia weka kiduara cha mpira, hata ukikata kwenye tyubu ya baiskeli. Lami ni ya muda.

Sasa kipenu. Nyumba kubwa hujengwa na fundi. Kipenu huongezwa baadaye, mtoto anapooa au jiko linapohamia nyuma. Kinaezekwa kwa mabati yaliyovuliwa kwingine, juu ya boriti nyembamba zilizopishana mbali, na ukingo wake umechomekwa tu ukutani kwa saruji. Saruji hupasuka, maji yakateremka ukutani, basi mtu aliye juu ya paa kubwa anateremka kipenuni apazibe. Huko ndiko kwenye hatari zaidi kuliko kileleni. Bati la juu ya jiko huliwa kutoka chini, kwa mvuke na moshi, na masizi huficha matundu. Boriti zenyewe zina dumuzi. Mtu hupita moja kwa moja, akaangukia mafiga.

Kipenu usikisimamie. Kazi yake ifanyike kwa ngazi, kutoka chini au kutoka ubavuni. Kabla ya hapo ingia ndani, gonga kila boriti kwa kitako cha kisu. Inayolia tupu au inayomwaga unga, ibadilishe kwanza. Na pale kinapokutana na ukuta, saruji haitafaa mwaka hadi mwaka, kwani nyumba mbili zilizojengwa nyakati mbili hazitulii pamoja. Kata kipande cha bati, kikunje, upande mmoja uingie katika mfuo uliochongwa ukutani, upande wa pili ulalie bati la kipenu. Kwa hivyo kipenu kitacheza kidogo na maji hayataingia.

Umeme nao. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipowashwa mwaka 2010, nguzo zimefika hata vijiji ambavyo sisi tulivijua kwa koroboi. Ni neema. Lakini waya unaotoka nguzoni hushikizwa ukingoni mwa paa, pale pale mnapopenda kuegemeza ngazi. Kuzima swichi kubwa ya ndani hakuuzimi waya ule. Uko hai hadi shirika la umeme, ZECO, lije liukate. Paa zima la bati linaweza kuwa na umeme kama waya umechubuka juu yake. Ukiona umechubuka, usipande, piga simu ZECO. Wenye sola, paneli haizimwi jua likiwaka. Ifunikeni kitambaa kizito na msiguse viungo.

Na watoto. Nimesikia kwa masikio yangu: mpandishe huyu, ni mwepesi, bati halitabonyea. Huyo mwepesi ni mwanao. Sisi ambao kila msimu wa karafuu tunawabeba vijana walioanguka mikarafuuni tungekuwa watu wa mwisho kulisema hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka. Hawakuanguka wote kutoka milimani. Wamo pia walioanguka kutoka urefu wa nyumba kama yako.

Ikitokea, Rabi atuepushe, msimwinue mtu akakaa. Msimpe maji, msimvute miguu, msimpakate kwenye bodaboda. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa na shingo visigeuke. Leteni ubao wa mlango, watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja, kwa hesabu ya mmoja, mgongo usikunjike. Ndipo gari. Kutoka Micheweni hadi Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani ni kupita kisiwa karibu chote, na jeraha la uti wa mgongo huenda likahitaji kuvuka bahari hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Shingo isiyoshikwa haifiki salama. Aliyechanwa na bati lenye kutu, hata kidogo, apelekwe akachomwe sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Kaskazi hii naomba tuanze na nyumba za wajane, maana wao ndio huishia kumlipa mtoto wa jirani apande. Sheha ameshasema atatangaza siku. Bi Mkubwa wa nyumba ya mwisho, karibu na kisima, kipenu chake kina boriti mbili zinazomwaga unga. Hizo tuzibadilishe kabla mtu hajagusa bati. Ngazi ya chuma ipo kwangu, na kamba ya nailoni. Mnaweza kuzichukua wakati wowote, ila mje wawili.