Kumsainisha Bibi

Saa kumi na moja alfajiri hosteli yetu huwa na sauti mbili: ndoo zinazoburutwa kwenda bombani, na jirani yangu wa chumba cha pili anayekariri neva za kichwa kama mtu anayevuta uradi. Ziko kumi na mbili, na kila siku hukwama kwenye ya tisa. Kabla ya saa moja tunatakiwa tuwe wodini na makoti meupe yaliyopigwa pasi. Hapo katikati kuna chai ya rangi na chapati mbili za mama lishe, kwa mkopo mpaka boom, yaani posho ya mkopo wa masomo, litoke. Anayetutazama kwa nje huona watu wanaokimbia. Mimi nikijitazama naona mtu anayesaini. Nasaini mahudhurio, nasaini vitabu vya maktaba, nasaini daftari la kazi za wodini, nasaini boom lenyewe.

Mkataba wa mkopo wa masomo niliusaini nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye steshenari iliyojaa watu, mwenye duka akinionyesha kwa kidole pa kuweka jina. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Je, niliridhia? Siku boom linapoingia nitakwambia ndiyo, tena kwa vifijo. Siku nyingine sina hakika.

Swali hilo lisingenisumbua kama si somo la maadili ya tiba, tunalofundishwa Jumatano saa nane mchana, saa ambayo ukumbi mzima unasinzia kwa wali maharage. Somo limesimama juu ya nguzo nne ambazo Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, waliziweka kitabuni mwaka 1979: heshimu uamuzi wa mgonjwa, mtendee mema, usimdhuru, tenda haki. Zinakaririka kirahisi kuliko neva. Mtihani wake nilifaulu vizuri.

Kisha, nikiwa mwaka wa tatu, daktari wa mafunzo aliyekuwa zamu wodi ya upasuaji, ambaye hakuwa amelala tangu jana yake, alinikabidhi karatasi akasema, "Kamsainishe bibi wa kitanda cha kumi na nne."

Nilikuwa nimeshafika katikati ya wodi neno lile liliponirudia masikioni. Kamsainishe. Kiswahili hakifichi mambo. Kusaini ni kitendo cha mwenye kalamu. Ukiongeza silabi moja tu, kalamu inabaki mkononi mwake lakini kitendo kimekuwa chako. Ni silabi ileile ya kumlisha mtoto, kumnywesha mbuzi dawa, kumvisha maiti sanda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Damu tena?"

"Hapana bibi, leo karatasi."

Alitoka upande wa Kilwa. Kisukari kilikuwa kimeuozesha mguu wake wa kushoto kuanzia vidole hadi karibu na kifundo, na ulitakiwa ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. Nikavuta stuli, nikaanza kueleza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka mitatu ya kufundishwa kwa Kiingereza ilikuwa imeniachia maradhi yote kichwani bila majina ya kumwambia mwenye maradhi. Nilitaka kusema mshono unaweza kupata maambukizi, nikasema unaweza kuleta shida.

"Shida gani?"

"Usaha, bibi."

"Usaha naujua," akasema, akiutazama mguu. Kisha akaongeza, "Mngojeni kaka yangu. Yuko njiani."

Nikarudi na karatasi tupu. Daktari wa mafunzo alitikisa kichwa. "Ndio hao. Hawaamui mpaka ukoo ukae kikao."

Juu ya jambo hili wanafunzi wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema nguzo ya kwanza, ile ya uamuzi wa mtu binafsi, ni nguo iliyoshonewa mtu mwingine, kwamba huku kwetu mtu ni watu na mgonjwa huamua akiwa na jamaa zake. Hoja hiyo ina utamu wake, lakini mimi huiogopa. Nimewahi kumwona mume akikataa upasuaji kwa niaba ya mke aliyekuwa macho, anasikia kila neno, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Mara nyingi anayetukumbusha kwamba mtu ni watu ni yule miongoni mwa watu hao mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo siku ile nilimkasirikia yule kaka wa Kilwa hata kabla sijamwona.

Usiku, badala ya kusoma, nililala chali nikiwaza maneno mawili. Kiswahili kina idhini na kina ridhaa. Idhini ni ruhusa; hutolewa, huandikwa, huwekwa kwenye faili. Ridhaa ni ndugu wa radhi: kuwa radhi, kuridhika, niwie radhi, radhi za wazazi. Hiyo haikai kwenye faili, inakaa moyoni. Dada yangu alipoolewa, baba alimfuata chumbani kuchukua idhini yake. Akakaa kimya. Shangazi akasema kimya cha mwari ni jibu tosha. Baba hakutoka, aliuliza tena, na mara ya tatu dada akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayemjibu aliye mbali. Mpaka leo sijui baba alikuwa anatafuta nini mle chumbani. Idhini alishaipata tangu mara ya kwanza, kwa mujibu wa shangazi.

Na neno la Kiingereza tulilokaririshwa darasani nalo, ukilifuata hadi Kilatini, lilimaanisha kuhisi pamoja. Lilianzia moyoni likaishia kwenye karatasi. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa na kichwa FOMU YA RIDHAA, lakini kilichotakiwa kilikuwa idhini, na kwa kweli hata hiyo haikutakiwa sana. Ilitakiwa saini.

Basi nikawa nimekwisha kujijengea falsafa yangu: tuache kutafuta saini, tutafute radhi ya mgonjwa. Ilidumu mpaka Jumatano, kwa sababu Jumatano hiyo mwalimu alisimulia habari za Tuskegee.

Huko Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa usipotibiwa unafika wapi. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipothibitika kuwa dawa ya kaswende katika miaka ya arobaini, hawakupewa. Walichopewa ni usafiri wa bure, chakula cha moto siku za vipimo, na ahadi ya kugharimiwa mazishi. Ukumbi uliamka. Mimi nilishtukia jambo jingine: hakuna aliyewalazimisha. Walipanda gari wenyewe, mwaka hadi mwaka, na nesi aliyewafuata majumbani walimwamini. Ukitafuta moyo ulioridhika, ulikuwepo. Moyo, kumbe, huridhishwa. Ile silabi yangu ya kumlisha na kumvisha ilikuwa imenisubiri humohumo nilimokimbilia.

Lazima mtu ajue, basi. Lakini ajue nini? Niliitoa tena ile fomu nikaisoma polepole, kama ambavyo sikuusoma mkataba wangu. Kutokwa na damu nyingi, maambukizi, madhara ya dawa ya usingizi, kifo. Ilikuwa orodha ya mambo anayoyaogopa daktari. Mgonjwa akisaini, anasaini kwamba ameambiwa hofu zetu.

Kesho yake nilikwenda kwenye kitanda cha kumi na nne bila kalamu.

"Bibi, nikuulize. Kaka yako akija, ndiye atakayeamua?"

Alinitazama kama aliyesikia mtoto akitukana. "Aamue nini? Mguu wake? Mguu ni wangu, nilishawaambia manesi ukatwe. Yeye anakuja kuuzika." Akasogeza shuka. "Kwani nyinyi mkishaukata mnaupeleka wapi?"

Sikujua. Katika somo lote la maadili ya tiba hakuna aliyewahi kuliuliza hilo, na kwenye fomu halikuwa na mstari. Nilikwenda kumwuliza nesi wa chumba cha upasuaji. Akasema ndugu wakiutaka hukabidhiwa; wasipoutaka huenda kwenye tanuri pamoja na taka nyingine za hospitali. Alilisema kawaida tu, akihesabu mikasi.

Tuliwahi kufundishwa habari za Henrietta Lacks, aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi Oktoba 1951, Baltimore, akiwa na miaka 31. Madaktari wa Johns Hopkins walichukua seli za uvimbe wake bila kumwuliza, zikaota maabara bila kufa, zikaitwa HeLa, na mpaka leo zinatumika dunia nzima. Jamaa zake walikuja kujua baada ya miaka zaidi ya ishirini. Tulibishana saa nzima juu ya fedha: nani alipwe, kiasi gani. Swali la bibi halikutokea, pengine kwa kuwa halina hesabu ndani yake. Kipande cha mtu kikishatoka mwilini, yeye bado yumo kiasi gani?

Nilipochaguliwa kusoma udaktari, bibi yangu mzaa mama alitania kwamba sasa ukoo umepata mumiani wake. Tulicheka. Sisi wasomi tumezoea kuuhesabu uvumi wa mumiani, mnyonya damu, kuwa ujinga wa zamani. Mwanahistoria Luise White hakuuona hivyo. Mwaka 2000 alitoa kitabu kizima juu ya uvumi wa namna hiyo, tangu mumiani hadi wazimamoto wa Nairobi na Kampala waliodaiwa kunyonya watu damu enzi za ukoloni, akauchukulia kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala. Namwunga mkono. Watu waliona damu ikichukuliwa na hawakuambiwa inakokwenda, wakajijibu wenyewe. Na bibi wa kitanda cha kumi na nne, salamu yake ya kwanza kwangu ilikuwa ni nini?

Kaka alifika siku hiyohiyo, mzee mfupi mwenye baraghashia, mkononi mkoba wa ukili na ndani yake pima mbili za bafta mpya. Hakuna kikao kilichokaa. Walizungumza habari za minazi. Kisha bibi akanyoosha kidole gumba, akakikandamiza kwenye wino, akakiweka pale nilipomwonyesha, akakifuta kwenye pindo la kanga. Chini ya fomu, pembeni, niliandika kwa mkono: ndugu wakabidhiwe mguu kwa mazishi.

"Hii siyo sehemu ya fomu," daktari wa mafunzo akasema.

"Najua, dokta."

Alisimama kidogo, kisha akaweka herufi zake pale chini.

Jioni mzee alitoka na kifurushi cheupe amekikumbatia kifuani. Akaniuliza makaburi ya karibu yako wapi. Nimekaa mji huu miaka mitatu. Najua fotokopi ipi ni rahisi na daladala ipi haijai. Hilo sikulijua. Tukamwendea muuza kahawa aliyekuwa barazani. Akatuelekeza, kisha, kwa adabu, akavua kofia na kuuliza marehemu ni nani.

"Hakuna marehemu," mzee akasema. "Dada yangu mzima, yuko ndani anakunywa uji."